Kuvu kwenye Mpira wa Mlango

Homa Bay
4 Novemba 1997

Mama Emma,

Fundi Cephas amesema leo asubuhi kwamba yale madoa meusi kwenye mpira wa mlango wa mashine ya kufulia si uchafu wa nguo. Ni kuvu. Amesema iko hai, inakula mabaki ya sabuni, na mtu akivuta hewa yake kila siku lazima akohoe. Nilimuuliza tena kabla hajapanda baiskeli, akarudia vile vile.

Nilifurahi, ndiyo maana nakuandikia kabla sijaweka sufuria motoni. Paul anakohoa tangu Agosti. Mkanda wake wa suruali umeongezwa matundu. Na Levi, ambaye ametimiza miaka mitatu, hataki kulala ila ubavuni mwa baba yake. Nilikuwa nimeanza kuogopa mambo ambayo sitaki kuyaandika. Sasa najua ni kuvu, na kuvu inasafishwa.

Mashine yenyewe hujaiona. Ni ile ya kufunguka mbele, ina mlango wa kioo cha duara na mpira mnene uliokunjwa kama mdomo kuuzunguka. Niliinunua kwa Mzungu wa mradi wa maji alipokuwa akirudi kwao. Nafulia gesti mbili za mjini, shuka na taulo, na ndiyo inayotulisha tangu chama cha pamba kilipoacha kumlipa Paul kwa wakati. Iko chumba cha pembeni, ukuta mmoja na tunapolala. Kwa mvua hii ya El Niño shuka zinakauka ndani, na nyumba nzima inanuka gunia lililolowa. Mlango wa mashine naufunga kila nikimaliza, panya wasiingie.

Mama mkwe wangu, Phelesia, ana maelezo yake. Alikuja Jumapili akakaa mbali na mashine kama mtu anayemkwepa mbwa. Jina langu halitaji, ananiita binti wa Rongo kwa Kijaluo.

"Nyar Rongo, hii sanduku yako imeweka shati ya mzee na nguo zako za ndani kwa maji moja?"

Nikamwambia ndiyo, mama, zote ni nguo.

"Zote ni nguo! Mke wa mtoto na baba mkwe wanazungushwa pamoja mpaka wanatoka povu, halafu unauliza kwa nini Paul anakauka. Hiyo ni chira."

Chira yetu umeisikia huko Migori: mwiko ukivunjwa, mtu wa nyumba ile anakonda mpaka anaisha. Dawa yake ni kunywa manyasi, miti ya wazee. Anataka Paul anywe, na mashine itoke bomani. Ikitoka tutakula nini?

Wewe ndiye mkubwa wa wafuaji katika hospitali ya misheni, na ulinifundisha kazi hii kabla sijaolewa. Niambie namna ya kuiua hii kuvu. Nikiiua na Paul akapona, mama mkwe atanyamaza.

Msalimie Emmaculate. Paul anatucheka, Mluo na Mkuria kuandikiana Kiswahili kama makarani wa ofisi ya D.O.

Wako,
Dolphine


Migori
11 Novemba 1997

Mama Levi,

Cephas amesema kweli kuhusu kuvu. Zetu hapa zilikuwa nayo mwaka juzi. Fanya hivi.

Ukunjue mpira kwa vidole, kuanzia juu hadi chini. Chini kabisa utakuta vitundu vya kutolea maji, vimezibwa na nyuzi za taulo, nywele na vifungo. Vizibue kwa njiti. Kisha changanya Jik ya kung'arishia shuka na maji kwenye bakuli, lowesha kitambaa, kiingize ndani ya mkunjo na ukiache hapo ukifanya kazi nyingine. Suuza. Halafu washa mashine tupu kwa maji ya moto kabisa. Siki unaweza kutumia, lakini siku nyingine, kamwe si pamoja na Jik. Nyabuto wa hapa kwetu alizichanganya kwenye ndoo moja, tukamtoa nje akishika kifua.

Usisugue kwa majivu wala mchanga. Nakujua, wewe sufuria yako lazima uone uso wako ndani. Mpira ukichubuka, kuvu inapata mahali pa kuota mizizi. Punguza sabuni ya unga. Kila jioni pangusa mkunjo kwa kitambaa kikavu na uache mlango wazi. Panya watafutie paka.

Na hewa ya chumba hicho isiingie mnapolala. Ziba palipo na nafasi.

Mama mkwe mwambie hapa tunafua shuka za askari na kanzu za padri katika pipa moja, na padri bado ana kitambi. Lakini ukitaka amani, mashati ya mzee yafulie kwa mkono. Huo si ushindi wa kupigania.

Paul anakula? Hukuniambia.

Tangu mume wangu Nyamhanga afariki nyumba imekuwa kubwa, na Emma anaimba kwa sauti ili aijaze. Anakusalimu.

Robi


Homa Bay
20 Novemba 1997

Mama Emma,

Mpira umekuwa wa kijivu tena, kama ulivyotoka kwa Mzungu. Yamebaki madoa mawili ndani kabisa, yameingia kwenye mpira wenyewe. Kutoka kwenye vile vitundu nilitoa uchafu wa kujaza kiganja, na pete ya mtu wa gesti. Mwenye gesti alipoipokea alisema, "Dolphine, wewe utaenda mbinguni na nguo safi."

Nilimwita Paul aje aone. Aliinama, akatazama, akasema, "Kweli umeishinda." Kisha akakohoa akaenda kukaa.

Nimefanya ulivyoniambia kuhusu hewa. Paul na Levi nimewahamishia chumba kidogo cha ndani, mbali na mashine. Dirisha lake linatazama veranda ninapoanika shuka, kwa hiyo nimeliziba kwa blanketi kuukuu na kulipigia misumari. Mlango nao nimeuwekea gunia chini. Hata harufu ya sabuni haiingii. Mimi nalala sebuleni karibu na mashine. Kama ni kuvuta hewa mbaya, bora niivute mimi.

Na kumekuwa na nafuu. Kemisti alimpa Paul vidonge vya rangi mbili, na wiki iliyopita aliimba kwaya wimbo wote bila kukaa. Nilimtazama mama mkwe upande wa pili wa kanisa, naye akanitazama. Baada ya ibada akasema, "Usinitolee macho, Nyar Rongo. Hata mti uliokatwa huchipua mara moja kabla ya kukauka." Nilimwacha na mti wake.

Anakula kidogo. Anasema chumba cha ndani kina joto, na kweli asubuhi godoro upande wake limelowa, na fulana yake naweza kuikamua. Mvua ikipungua nitalianika.

Nilitaka kukuuliza jambo la kazi. Damu kwenye foronya nyeupe inatolewa vipi? Nimetia Jik imeacha rangi ya kahawia. Si nyingi, matone tu.

Wako,
Dolphine


Migori
28 Novemba 1997

Mama Levi,

Damu kwanza. Maji baridi na chumvi, kabla haijakauka. Jik inaipika damu ikashika nguo, na maji ya moto vile vile.

Sasa na wewe nijibu. Ni damu ya nani? Kama ni ya mgeni wa gesti, niambie, tuishie hapo. Kama foronya ni ya Paul, soma barua hii ukiwa umekaa.

Kuvu inaweza kumkohoza mtu. Hailowanishi godoro lake. Haimpunguzi mpaka mkanda uongezwe matundu, na haitoi damu kifuani. Nafua shuka za wodi ya kifua tangu kabla hujaja hapa. Zinakuja zimelowa hivyo hivyo, na foronya zake zina matone hayo hayo.

Kuna jambo ambalo sikukuambia. Kwenye matanga ya Nyamhanga ulisikia malaria, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana kusema. Ilikuwa TB, na nyuma ya TB ulikuwepo ule ugonjwa wa siku hizi. Shuka zake nilizifua nyumbani, sikutaka wenzangu kazini wazione. Alipokubali kwenda hospitali alibebwa kwa mkokoteni. Mimi nilipimwa baadaye. Hilo tutaongea tukionana.

Usingoje kunijibu. Ng'oa ile blanketi dirishani leo. Mimi nilikuambia uzibe, sasa nakuambia uzibue. Chumba cha TB kinataka upepo. Levi asilale naye tena. Mpeleke Paul kliniki ya kifua, apimwe makohozi. Dawa ni za serikali, na akizianza mapema na kuzimaliza anapona. Wapo waliopona, wanatusalimia barabarani.

Akikataa, mwambie nimesema mimi.

Robi


Homa Bay
5 Desemba 1997

Shemeji Robi,

Barua yako ya tarehe 28 niliitoa mimi kwenye sanduku la posta la chama. Niliifungua kwa sababu ilikuwa nene kuliko barua ya mambo ya sabuni. Dolphine hajaiona.

Uliyoyasema ni kweli, na nilikuwa nayajua. Septemba nilikwenda Kisii, mahali nisipojulikana, nikapimwa makohozi. Walinipa karatasi ya kuanza dawa hapa nyumbani. Sikuipeleka.

Nitakueleza sababu, kisha unihukumu. Kliniki ya kifua hapa mjini wagonjwa wake wanangoja nje, kwenye benchi inayotazama barabara. Anayekaa pale asubuhi, jioni watu wamekwisha kumzika kwa midomo. Wakishasema TB wanasema na lile la pili, hawahitaji daktari. Mimi ningevumilia. Lakini ni nani atamlaza mgeni kwenye shuka iliyofuliwa katika nyumba ya TB? Wenye gesti watachukua nguo zao siku hiyo hiyo. Chama hakilipi. Mashine ile ndiyo shamba letu.

Dolphine anaamini ni kuvu. Kila jioni anapiga magoti mbele ya ule mlango na kitambaa chake, na doa likitoka ananiita nikaone. Mama yangu naye anaamini ni chira. Wanagombana mbele yangu, kila mmoja ana dawa yake, na mimi nakaa katikati nikijua. Siku nyingine inanichekesha.

Levi nimemhamishia kwa mama yangu. Nimesema mtoto anamtaka bibi. Blanketi niliing'oa, Dolphine akaipigilia tena, akanigombeza kwamba najiua mwenyewe.

Desemba gesti zinajaa, na kuna uchaguzi, wageni ni wengi. Pesa za mwezi huu zikiingia tutaweza kukaa miezi bila kazi ya mtu. Januari nitaanza dawa. Nakuahidi kama shemeji yako.

Naomba usiandike tena habari hizi kupitia sanduku hili.

Paul


Homa Bay
12 Desemba 1997

Mama Emma,

Sijapata jibu lako. Nadhani barua imekwama Rodi Kopany. Wanasema magari yanalala pale kwenye matope, abiria wanashuka kusukuma na viatu mkononi. Au nimekuudhi kwa maswali ya madoa.

Kuvu imerudi. Nilifungua asubuhi nikaikuta mkunjo mzima, nyeusi, na nyingine ina manyoya. Nilisahau ulivyonionya, nikasugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikauma. Mpira umechubuka. Cephas ameutazama, akasema sasa dawa ni kubadilisha, na mpira wa mashine ile haupo hapa wala Kisumu. "Mama Levi," akaniambia, "umeisugua kama deni la mtu." Sikucheka.

Sasa naosha kwa Jik kila siku, na Paul anakohoa zaidi. Nasikia harufu ya Jik hadi sebuleni, sijui ni hiyo au ni kuvu. Hawezi tena kwenda kazini. Anasema ni uchovu wa hesabu za mwisho wa mwaka.

Linaloniumiza ni jingine. Amemtoa Levi kwangu. Nilirudi kutoka gesti nikakuta godoro la mtoto limepelekwa kwa mama mkwe. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Anataka bibi yake." Levi hajawahi kumtaka bibi yake, anamwogopa. Na jana Paul alikunywa manyasi. Alishika kibuyu kwa mikono miwili mbele yangu, akanywa, mama mkwe akapiga vigelegele. Kwa hiyo na yeye anaamini nimemletea chira kwa mashine yangu. Miaka yote alikuwa upande wangu.

Nikamwambia, "Basi sema. Sema ni mimi nimekuua." Akasema, "Hapana, Dolphine. Wewe unafua vizuri." Hilo ni jibu gani?

Niandikie, hata mistari miwili.

Dolphine


Migori
17 Desemba 1997

Mama Levi,

Barua hii inaletwa na Jared, dereva wa lori la makaa. Nimemwambia akupe mkononi mwako, na kama hayupo mtu mwingine chumbani.

Nilikujibu tarehe 28 Novemba. Paul aliichukua barua hiyo. Ya kwake aliyoniandikia ndiyo hii niliyoifunga ndani. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Basi unajua kwamba hakukugeuka. Levi alimtoa karibu na kikohozi chake. Manyasi alikunywa ili kelele zipungue nyumbani. Mwenzio amenyamaza kwa ajili ya shuka za gesti.

Aliniomba nisikuambie, nami nilikaa na barua yake siku kadhaa. Yako ya tarehe 12 ilipofika nikaona siwezi.

Januari ni mbali. Mpeleke kesho. Akisema watu watamwona, mwambie wamekwisha kumwona, ni mkanda tu ndio unaomshikilia. Chukua na ile karatasi ya Kisii. Ng'oa blanketi.

Mashine iache.

Robi


Homa Bay
20 Januari 1998

Robi,

Paul alifariki Jumanne tarehe 6. Aliyeniambia ni muuguzi wa wodi, nilipokuwa nje nikikamua fulana yake. Tulimzika Jumamosi iliyopita.

Nitakuambia kwa mpangilio, kwa sababu hapa kila mtu ana mpangilio wake.

Jared alinipa barua siku ile ile uliyoiandika. Nilimpeleka Paul hospitali Ijumaa, baada ya siku nzima ya kubishana. Niliweka barua yake mwenyewe mezani mbele yake, akaisoma kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema, "Robi hawezi kazi ya ukarani. Hatunzi siri." Halafu akaomba shati safi.

Tulikaa kwenye ile benchi. Alikaa wima, ameshika kofia. Walipita watu wa kwaya, watu wa chama, na mpishi wa gesti moja. Kabla ya Krismasi gesti zote mbili zilikuwa zimetuma watu kuchukua shuka. Alikuwa ameyajua vizuri mambo hayo, kuliko mimi na kuliko wewe.

Daktari alisema mapafu yote mawili yameliwa, na kwamba dawa ingepata kazi ya kufanya kama ingeanza Septemba. Alianza kumeza. Tulikuwa na siku chache ambazo aliweza kuongea. Nilimuuliza kwa nini aliniacha nipambane na kuvu wakati wote ule. Akasema, "Ilikuwepo, Dolphine. Ile kuvu ilikuwepo kweli." Kisha akaniuliza kama mpira umepatikana.

Shemeji zangu walisema mwili hauwezi kuingia nyumbani mashine ikiwemo. Waliibeba watu wanne wakaitupa kwenye ua, chini ya mvua, mlango umefunguka. Sikuwazuia. Mama mkwe alilia matanga yote akiitazama. Mbele ya waombolezaji alisema mke huyu amemzungusha mwanangu hadi akaisha. Hakuna aliyesema neno TB, hata mimi. Mchungaji alisema "maradhi mafupi".

Sijui kama nikushukuru. Barua yake ulikaa nayo. Unasema siku kadhaa kama mtu anayesema vijiko kadhaa vya sukari. Ungeweza kupanda gari ukaja ukaniambia kwa mdomo. Migori si Ulaya.

Levi ana homa jioni. Kikohozi sijakisikia, au sitaki kukisikia.

Dolphine


Migori
27 Januari 1998

Dolphine,

Ningeweza kupanda gari. Sikupanda. Niliogopa kuingia tena nyumba yenye kikohozi kile. Sina jibu lingine, na sitakutengenezea.

Nimeongea na daktari wetu jana. Amesema waliolala au kula na Paul wote wapimwe, mtoto kwanza. Mtoto mdogo si lazima akohoe. Homa ya jioni, kutokua, tezi shingoni, hizo zinatosha kumpeleka. Mshike Levi shingo kwa vidole, chini ya masikio. Ukikuta uvimbe usiouma, usimkande.

Paul alikuwa akila kwa nani tangu umhamishie chumba cha ndani? Kama ni kwa mama yake, naye aende. Atakutukana. Nenda naye akikutukana.

Na wewe pia, kwa yote mawili. Mimi nililiahirisha la pili kwa mwaka mzima, na haikunisaidia chochote.

Jumatatu tarehe 2 niko zamu ya mapumziko. Nitafika na gari la asubuhi kupitia Rongo. Nitabisha mlango wako, kisha twende pamoja. Ukinifukuza nitakaa kwenye ua.

Robi


Homa Bay
4 Februari 1998

Robi,

Mganga wa kliniki ya kifua alisema leo kwamba Levi ana TB ya tezi, na kwamba imegunduliwa mapema. Makohozi ya mama mkwe, yale aliyoyatoa Jumatatu mbele yako, yana vijidudu. Alituambia sote watatu kwa pamoja, mlango wazi, kwa sababu chumba kile hakifungwi.

Ulirudi Migori jana, hujui yaliyotokea asubuhi ya leo, kwa hiyo nakuandikia.

Mama mkwe alifika kabla yangu. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Alikaa mwisho wa benchi, mbali nami, na kila aliyepita akamsalimia kwa jina kwanza kabla hajasalimiwa. Tulipoitwa akamwambia mganga, "Daktari, hii chira yenu mnaiona kwa hiyo darubini?"

"Tunaiona, mama."

"Iko rangi gani?"

"Tunaipaka dawa, inaonekana nyekundu."

"Na Paul alikuwa nayo hii nyekundu?"

"Alikuwa nayo."

"Tangu lini?"

Mganga akanitazama. Nikamwambia mimi mwenyewe kwamba Paul alijua tangu Septemba, akapewa karatasi, akainyamazia. Nilidhani atasema naongopa. Aliuliza tu, "Na alipokunywa manyasi yangu alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakaa nacho mapajani. Hakulia. Tulipotoka alimbeba Levi mgongoni, na nilipotaka kumpokea akasema, "Wacha. Sisi wawili tuko na moja."

Usidhani tumepatana. Njiani aliniambia mashine isirudi ndani akiwa hai. Nikamwambia nitatafuta mtu wa kuinunua Kisii, ambako hawamjui Paul. Cephas aliitazama jana na kusema jua limeukausha mpira mpaka umepasuka, ila injini ni nzima. Mwenye kuinunua nitamwambia ukweli kuhusu huo mpira.

Dawa zinamezwa pale pale, mbele ya muuguzi, hatupewi kubeba nyumbani. Wataanza wote wawili Jumanne tarehe 10 Februari, saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na kikombe chake na awe amekula. Damu yangu waliyoitoa Jumatatu, ukiwa umenishika mkono, majibu yake nitasomewa siku hiyo hiyo.

Dolphine